Programu, daftari au simu ya nesi: umchagulie nini mgonjwa wa moyo aliye nyumbani?

Siku nne kabla mama yetu hajalazwa mara ya pili, simu ilishajua. Mjukuu wake alikuwa akiingiza uzito wa kila asubuhi kwenye programu tuliyoipakua sisi wenyewe: 61.2, kisha 61.9, kisha 63.0, kisha 63.8. Mstari ukapanda, rangi ikageuka nyekundu, ujumbe ukatokea kwenye kioo kwa Kiingereza ukimshauri awasiliane na daktari wake. Mama yuko Muheza. Simu ilikuwa ndani ya droo ya kabati. Mimi niko Arusha, mdogo wangu Dodoma, kaka yetu Muscat. Ile nyekundu haikuonwa na yeyote. Tulichopata ni simu ya jirani saa nane usiku: mama amekaa kitako kitandani, anatweta, hawezi kulala chali.

Tangu hapo nimesoma tafiti nyingi kadiri nilivyoweza, nimewasumbua madaktari na wauguzi kwa maswali, na nimejaribu njia kadhaa ndani ya familia yetu. Watu wakisikia habari hii huniuliza nipendekeze programu ya kupakua. Mimi huwauliza kwanza: mgonjwa wako akituma namba mbaya saa moja asubuhi, nani ataisoma kabla ya saa nne, na huyo mtu ana mamlaka gani ya kufanya lolote? Ulinganisho wote ninaouweka hapa chini nimeupima kwa swali hilo.

Tunafuatilia nini hasa

Hospitali wanasema moyo kushindwa kufanya kazi. Mtaani tunasema moyo umetanuka, ingawa si kila moyo unaoshindwa umetanuka. Msukumo wa damu ukipungua, figo huona kana kwamba mwili umekaukiwa, zikazuia chumvi na maji. Maji hayo hushuka miguuni, hujaa tumboni, na mwishowe huingia mapafuni. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, ndiyo maana mizani ya bafuni inaweza kumtangulia daktari. Kanuni inayotolewa kwenye kliniki nyingi ni hii: uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, toa taarifa. Apime asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai, na nguo za aina moja, kwenye mizani ileile iliyowekwa juu ya sakafu ngumu. Mizani juu ya zulia hudanganya.

Lakini uzito peke yake hautoshi, na hapa ndipo programu nyingi rahisi zinapoanguka. Wapo wanaozidiwa huku uzito umesimama palepale, kwa sababu wamekosa hamu ya kula, nyama za mwili zinapungua na maji yanachukua nafasi yake. Kwa hiyo lazima mtu aulize pia dalili, tena kwa maneno ya nyumbani. Jana ulilalia mito mingapi? Uliamka usiku kutafuta hewa dirishani? Ukibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki? Kandambili zinabana? Ukienda chooni unapumzika njiani? Ongeza presha na mapigo ya moyo, maana dawa zenyewe, enalapril, carvedilol, spironolactone na wenzao, zinaweza kuishusha presha mpaka mgonjwa akaona kizunguzungu akisimama.

Jambo moja liko nje ya ulinganisho wote huu. Mgonjwa anayetweta akiwa amekaa tu, aliyezimia, mwenye maumivu ya kifua yasiyoachia au anayekohoa povu lenye damu, apelekwe hospitali wakati huohuo. Hakuna cha kuingiza namba kwanza.

Daftari na mizani

Nianze na daftari kwa sababu wengi hulidharau. Linahitaji mizani, mashine ya presha, kalamu na mtu mmoja mwenye nidhamu. Halihitaji bando wala chaji. Daktari akilifungua kliniki anaona miezi mitatu kwa dakika moja, jambo ambalo kwenye simu ya mgonjwa huchukua muda kwa kutafuta tu ukurasa.

Udhaifu wake ni kwamba daftari halipigi kelele. Namba ya hatari inaweza kukaa humo wiki nzima ikisubiri tarehe ya kliniki. Dawa ya hilo ni kuandika kwenye jalada la ndani, kwa wino mzito, namba tatu za mgonjwa huyu: uzito wake akiwa hana maji ya ziada, uzito ambao akiufikia apige simu, na namba ya simu ya kupiga. Hizo mbili za kwanza lazima zitoke kwa daktari wake. Uzito wa kuanzia ni ule aliopimwa siku aliporuhusiwa kutoka wodini akiwa amekaa sawa, si ule wa siku alipoingia.

Kundi la WhatsApp la familia

Nyumba nyingi zimeshafika hapa bila kuambiwa na mtu. Mama anapimwa, picha ya mizani inatumwa, watoto wanaweka alama ya dole gumba. Lina faida ambayo hakuna kifaa kinachoiweza: mtoto aliye mbali anasikia sauti ya mzazi, na masikio ya mtoto hutambua pumzi iliyokatika katikati ya sentensi.

Tatizo nililoliona kwetu ni kwamba tulipokuwa wengi kila mtu aliamini mwenzake ameshaona. Picha ya mizani inashuka chini ya salamu, sala na video za harusi. Kama mtaitumia njia hii, mteueni mmoja kwa kila wiki, ajulikane kwa jina, na kazi yake iwe kujibu kila asubuhi kwa neno moja: nimeona. Asipojibu hadi saa tatu, anayefuata anapiga simu. Na kundi la familia lisibadilishe dozi. Mwenye shahada na asiye nayo, wote ni watoto wa mgonjwa. Dozi ni ya daktari.

Simu ya nesi, na simu ya mashine

Hapa tafiti zinaanza kusema jambo la maana. Muhtasari wa mwaka 2015 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha matokeo ya tafiti za tiba, ulikusanya tafiti 41. Kupigiwa simu kwa utaratibu maalumu, yaani muuguzi mwenye orodha ya maswali anayepiga siku iliyopangwa, kulihusishwa na upungufu wa vifo wa takriban asilimia 13. Kutuma vipimo kwa mbali bila kifaa kupandikizwa mwilini kulihusishwa na upungufu wa takriban asilimia 20. Njia zote mbili zilipunguza kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa.

Ukisoma takwimu hizo haraka utasema vifaa vimeshinda simu. Ila wastani huo unachanganya tafiti zinazotofautiana mno, na baadhi ya zile kubwa zilitoka mikono mitupu. Iliyo wazi zaidi ni Tele-HF ya Marekani, iliyochapishwa mwaka 2010 ikiwa na wagonjwa 1,653 waliokuwa wametoka kulazwa. Waliagizwa kupiga kila siku kwenye mfumo wa sauti ya mashine na kujibu maswali kwa kubonyeza vitufe. Wahudumu walikuwa wakiyapitia majibu hayo. Baada ya siku 180, waliofariki au kulazwa tena walikuwa asilimia 52.3 kwa waliotumia mfumo na asilimia 51.5 kwa waliohudumiwa kawaida. Hakukuwa na tofauti. Mgonjwa 1 kati ya 7 hakuutumia mfumo hata mara moja, na kufikia wiki ya mwisho ni asilimia 55 tu waliokuwa wakiutumia angalau mara tatu kwa wiki.

Mimi nawaelewa wale wagonjwa. Mashine haiulizi hali ya wajukuu. Haisikii kwamba leo sauti imekwama. Muuguzi anayemwamkia mama, "Shikamoo bibi, umeamkaje, jana ulilala vizuri?" hupata jibu la kweli ndani ya nusu dakika, kwa sababu mama anataka kumjibu. Simu ya nesi inafika hata kwenye kitochi, inafika kwa asiyejua kusoma, na haimwachii mgonjwa mzigo wa kukumbuka. Kasoro yake ni kwamba nesi mmoja ana saa chache, na simu ya kila Jumanne inaweza kupitwa na maji yaliyoanza kujaa Jumatano.

Programu: zipo za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa

Ukifungua duka la programu utakuta nyingi zenye picha ya moyo. Zigawe kwa haraka. Aina ya kwanza ni shajara: unaingiza namba, inachora grafu, inakukumbusha dawa, basi. Kinachoingia humo hakimfikii mhudumu yeyote. Hii ndiyo tuliyoipakua sisi. Si mbaya kwa mgonjwa anayejisimamia mwenyewe, anayesoma lugha ya programu hiyo na anayejua afanye nini rangi ikibadilika. Kwa mama wa miaka sabini anayetegemea mjukuu wa darasa la sita, ni daftari lenye betri.

Aina ya pili imeunganishwa na kliniki. Namba zinakwenda kwa muuguzi au daktari anayemjua mgonjwa, na kuna utaratibu wa nini kifanyike zikivuka mpaka. Mfano mzuri ni Medly, iliyotengenezwa Toronto ndani ya mtandao wa hospitali za University Health Network. Mgonjwa huingiza uzito, presha, mapigo na majibu ya maswali ya dalili kila asubuhi. Kanuni zilizowekwa na madaktari huyachambua hapohapo, zikampa mgonjwa maelekezo na kumtumia muuguzi tahadhari inapohitajika. Mipaka hupangwa mgonjwa kwa mgonjwa. Jaribio la kwanza la mfumo huo lilikuwa na wagonjwa 100 na lilichapishwa mwaka 2012. Baadaye ulipofanywa sehemu ya huduma ya kawaida ya kliniki, ripoti ya mwaka 2020 ya wagonjwa 315 ilionyesha kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kumepungua kwa nusu ukilinganisha miezi sita ya kabla na miezi sita ya baada. Namba hiyo niipunguzie ukali kidogo: hapakuwa na kundi la kulinganisha, na mtu huandikishwa kwenye mpango kama huu akiwa kwenye kipindi chake kibaya zaidi, kwa hiyo sehemu ya nafuu ingekuja hata bila programu.

Sasa weka tafiti mbili kubwa kando kwa kando, maana hapa ndipo nilipopata jibu langu.

Ya kwanza ni BEAT-HF, wagonjwa 1,437 katika vituo sita vya California, iliyochapishwa mwaka 2016. Walipewa mizani na mashine ya presha zinazotuma vipimo vyenyewe, na wauguzi wa kituo kimoja waliwapigia simu za mafunzo. Vipimo vikivuka mpaka, muuguzi alimpigia mgonjwa na kumhimiza amtafute daktari wake. Baada ya siku 180, asilimia 50.8 ya waliofuatiliwa walikuwa wamelazwa tena, na asilimia 49.2 ya wasiofuatiliwa. Vifaa vya gharama, wauguzi waliosomea, na matokeo yaleyale.

Ya pili ni TIM-HF2 ya Ujerumani, iliyoongozwa na Friedrich Koehler wa hospitali ya Charité, Berlin, ikachapishwa mwaka 2018. Walisajiliwa wagonjwa 1,571. Kila siku waliowekwa kwenye kundi la kufuatiliwa walituma uzito, presha, mapigo, kipimo cha umeme wa moyo, oksijeni na maelezo ya jinsi wanavyojisikia. Vifaa havikuwa na uchawi kuliko vya California. Upande wa pili ndio uliotofautiana: kituo chenye madaktari na wauguzi usiku na mchana, siku saba za wiki, wenye uwezo wa kubadilisha dawa, kumwita mgonjwa au kuagiza alazwe, wakishirikiana na daktari wake wa kawaida. Tena wagonjwa walifundishwa kutumia vifaa nyumbani kwao, na kila mwezi walipigiwa simu. Siku zilizopotea kwa kulazwa ghafla kwa sababu ya moyo au kwa kifo zilikuwa 17.8 kwa mwaka kwa waliofuatiliwa, dhidi ya 24.2 kwa waliohudumiwa kawaida. Vifo vilikuwa 7.86 dhidi ya 11.34 kwa kila watu 100 kwa mwaka.

Na kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo kwangu lina uzito kuliko hayo yote. Asilimia 97 ya wagonjwa wale wa Ujerumani walituma vipimo angalau siku 7 kati ya 10. Hao walikuwa wazee wa wastani wa miaka 70. Kumbe wazee hawachoki na kifaa. Wanachoka kutuma namba kwa mtu asiyejibu. Kisha huduma ilipositishwa mwaka ulipoisha, watafiti wakawafuata tena mwaka mmoja baadaye, ule uafadhali haukuonekana tena. Namba za mwaka uliopita hazimlindi mtu. Desemba 2020 chombo kinachoamua bima za afya za Ujerumani zilipie nini kikaikubali huduma hii iwe sehemu ya huduma ya kawaida kwa wagonjwa wenye vigezo, daktari akiwa ndani yake kwa lazima.

Kihisi cha ndani ya mwili

Nitapita haraka hapa. Kipo kifaa kidogo, CardioMEMS, kinachopandikizwa kwenye mshipa unaopeleka damu mapafuni kupitia mshipa wa kinena. Mgonjwa analala juu ya mto maalumu, na shinikizo la ndani ya mshipa linasomwa na kutumwa. Mantiki yake ni nzuri: shinikizo hilo hupanda siku nyingi, hata wiki, kabla ya uzito kupanda. Jaribio la CHAMPION la Marekani, wagonjwa 550, mwaka 2011, lilipunguza kulazwa kwa asilimia 28 ndani ya miezi sita, na Marekani ikakiidhinisha mwaka 2014. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2023 lenye wagonjwa 348 nalo lilikipa alama nzuri. Lakini ni kifaa cha gharama kubwa, kinahitaji chumba cha upasuaji wa mishipa ya moyo na timu inayosoma vipimo kila mara. Kama ndugu yako anatibiwa Ulaya au Marekani Kaskazini na amekuwa akilazwa mara kwa mara, muulize daktari. Kwa familia ya Muheza au Kakamega leo, weka kando.

Wagonjwa wetu si wale wa Berlin

Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, ulihusisha wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52. Hapa Tanzania, utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuwa na wagonjwa 427 wenye wastani wa miaka 55, na karibu nusu yao chanzo kilikuwa shinikizo la damu. Mama yetu, kwa umri wake, ni kama wale wa Berlin. Wengi wanaokaa naye kwenye benchi la kliniki si rika lake; ni mama lishe, dereva wa bodaboda, mwalimu, msichana aliyepata tatizo baada ya kujifungua.

Hilo hubadilisha uchaguzi kwa namna mbili. Kwanza, mgonjwa wa miaka 45 ana simu janja na anaijua kuliko mimi. Kwake programu iliyounganishwa na kliniki inaweza kufanya kazi vizuri, mradi impimishe kabla hajatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda sokoni. Pili, yuko kazini, na dawa zake zinategemea mapato ya siku. Programu nyingi za kigeni huuliza "Umemeza dawa leo?" Swali la kwetu ni "Dawa zimebaki za siku ngapi?" Aliyeishiwa furosemide, kile kidonge cha kupunguza maji, siku ya Ijumaa na anasubiri pesa za Jumatatu, uzito utapanda Jumapili, na hakuna programu itakayoujua mzizi wake. Nesi anayeuliza swali hilo siku tano kabla amezuia kulazwa bila kugusa mizani.

Utafiti huohuo wa Muhimbili ulikuta zaidi ya nusu ya wagonjwa wana upungufu wa damu. Kwa hiyo anayesema "nachoka" huku uzito wake uko sawa na miguu haijavimba, asiambiwe tu kwamba grafu ni nzuri. Apimwe wingi wa damu.

Vifaa vya kuwa navyo macho

Programu inayodai kupima presha kwa kuweka kidole juu ya kamera, iache. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliijaribu mojawapo iliyokuwa ikinunuliwa sana, wakakuta karibu watu wanane kati ya kumi wenye presha ya juu wameambiwa presha yao iko kawaida. Nunua mashine ya mkono wa juu, yenye kitambaa kinachomtosha mgonjwa. Ya kifundo cha mkono husumbua.

Kile kipimo cha oksijeni cha kidole kilichoenea wakati wa Uviko kina kasoro inayotuhusu moja kwa moja: kwenye ngozi nyeusi mara nyingine huonyesha oksijeni ni nyingi kuliko ilivyo. Kikisema 95 na mgonjwa anatweta, amini pumzi yake. Saa za mkononi zinazopima umeme wa moyo zinaweza kugundua mapigo yasiyo na mpangilio, na hilo lina faida yake, lakini hazioni maji yanayojaa.

Halafu siri. Taarifa za ugonjwa zinaweza kumgharimu mtu kazi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Programu isiyosema taarifa zinahifadhiwa wapi na nani anaziona, na inayoomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu yako ili kuhifadhi uzito wa mama, ifute.

Basi uchague vipi

Kama kliniki yake ina programu yake au inashirikiana na huduma ya kufuatilia, chukua hiyo hata kama sura yake ni mbaya kuliko ile ya dukani. Uliza mambo manne kabla ya kukubali: nani anasoma, saa ngapi, Jumapili nani anasoma, na akiona namba mbaya anaweza kubadilisha dawa au anaishia kusema "nenda hospitali". Wakijibu vizuri yote manne, mmepata kitu kinachokaribia kile cha Berlin. Wakisita kwenye swali la tatu, jueni wikendi ni zamu yenu.

Kama hakuna programu ya kliniki lakini yupo nesi anayepatikana kwa simu, daftari pamoja na simu ya nesi kinashinda programu ya dukani. Sina mashaka juu ya hilo. Mwezi wa kwanza baada ya kutoka wodini ndio wenye hatari kubwa, kwa hiyo simu ziwe mbili kwa wiki, kisha moja.

Kama mgonjwa ni kijana, anasoma, anajisimamia na ameshapewa na daktari wake maelekezo ya maandishi kuhusu kidonge cha kupunguza maji, yaani lini aongeze na kwa siku ngapi, shajara ya simuni itamsaidia. Asiyepewa maelekezo hayo asijiongezee. Furosemide iliyozidi huchezea figo na chumvi za mwili.

Na kama anaishi peke yake, mbali na mtandao, anayesahau, tafuta mtu kwanza. Jirani mmoja anayepita kila asubuhi kumpima na kumtazama miguu ana thamani kuliko kifaa chochote nilichokitaja.

Kwetu sisi ilikuwa hivi. Programu tuliifuta. Kaka alituma pesa tukanunua mizani yenye namba kubwa na mashine ya presha. Mtaa wa pili kutoka kwa mama anaishi muuguzi mstaafu. Tulikwenda kwake na mdogo wangu kwa heshima zote, akakubali, na daktari wa kliniki akampa kwa maandishi mipaka ya mama na namba yake ya simu. Mjukuu anaandika daftarini kabla ya kwenda shule, na anatuma namba kwa nesi kwa ujumbe mfupi. Jumanne nesi anapiga simu au anapita mwenyewe. Sisi watoto tuna zamu, na wiki hii ni yangu.

Mwezi uliopita uzito ulitoka 60.8 hadi 63.0 kwa siku mbili. Nesi alipiga simu kabla ya saa mbili asubuhi. Hakuuliza kwanza kuhusu dawa. Aliuliza kama kulikuwa na shughuli mtaani. Kulikuwa na msiba, na mama alikuwa ameshinda huko siku mbili akila pilau na kachumbari yenye chumvi, tena mchana alikuwa akiruka kidonge ili asihangaike kutafuta choo katikati ya watu. Daktari aliambiwa siku hiyohiyo. Akaelekeza kidonge cha ziada kwa siku tatu na kumeza cha kawaida mapema asubuhi siku za shughuli. Jumamosi mjukuu aliandika 61.0, na pembeni yake, kwa mwandiko wake wa darasa la sita: "Bibi amelala na mto mmoja."